Aya Ikatwe na Anayejua Maana



 Leo naomba mnivumilie nizungumzie jambo ambalo wengi watasema ni la mafundi wa kompyuta peke yao. Nalo ni vile tovuti inavyoyakata maandishi yetu kuwa mafungu mafungu, yaani aya, bila kutuuliza, na vipi sisi tunaoyaandika tunaweza kushika usukani.

Nasema bila kutuuliza kwa sababu ndivyo ilivyo. Unaandika tangazo lako vizuri, kila jina kwenye mstari wake, kila namba chini ya mwenzake. Unabofya kuchapisha. Kisha unafungua ukurasa kwenye simu, unakuta maneno ni yale yale, herufi haikupungua hata moja, lakini yamekaa vingine. Mistari imeungana, au imeachana mbalimbali kama nyumba za mlimani. Watu wengi hapo husema, "Si kitu, maneno si yamo?" Makala hii inalijibu swali hilo. Maneno yanaweza kuwemo yote na maana isiwemo.

Saa mbili, mto mmoja

Sisi wa Kinyamaseke tuko kwenye barabara itokayo Kasese kwenda Bwera na mpaka wa Mpondwe. Ng'ambo ya mto Lhubiriha ni Kasindi, nchi ya Kongo. Watu ni wamoja. Wakonzo wa huku na Wanande wa kule wanasikilizana kwa lugha, wanaoana, wanazikana, na siku ya soko wanauziana. Kiswahili nacho kinavuka daraja asubuhi na jioni pamoja na mizigo. Kitu kimoja hakivuki, nacho ni saa. Uganda inatumia saa ya Afrika Mashariki, na Kongo ya mashariki iko nyuma kwa saa moja. Ukivuka daraja saa 4 asubuhi, unakanyaga upande wa pili ikiwa saa 3. Jua ni lile lile, lakini saa ya mkononi imekataa.

Kwa hiyo ratiba ya Ramadhani kwa familia zetu haina budi kuwa na safu mbili. Tuseme alfajiri inaingia saa 11:45 kwa saa ya Bwera. Kwa saa ya Kasindi hiyo ni saa 10:45. Magharibi ikiwa saa 1:10 huku, kule ni saa 12:10. Mfungo ni mmoja, ila kila mtu lazima asome safu ya upande wake.

Ramadhani ya mwaka 2023, iliyoanza mwezi Machi, ratiba ya namna hiyo iliwekwa kwenye tovuti moja ya matangazo ambayo watu wa pande zote mbili walikuwa wakiisoma. Kijana aliyeiandika aliipanga vizuri kabisa: siku kushoto, saa ya Uganda katikati, saa ya Kongo kulia, akitenganisha safu kwa kubonyeza kitufe cha nafasi mara nyingi. Ilipotokea kwa wasomaji, nafasi zote zilikuwa zimebanwa zikabaki moja moja, na mistari ya mwezi mzima ilikuwa imeungana kuwa fungu moja refu. Kwenye simu ndogo, mstari ukawa unakatika popote ulipofika ukingoni mwa kioo. Namba ya Kongo ya siku ya 3 ilijikuta imekaa ubavuni mwa siku ya 4, na vichwa vya safu vilikuwa vimepotelea juu huko.

Siku ya tatu ya mfungo mama mmoja wa Kasindi alipiga simu nyumbani kwetu. Ni shemeji wa jirani yetu, na nyumba yake iko mbali na msikiti, adhana haimfikii. Akasema, "Mwanangu, hiyo ratiba ya kwenye simu wameiandika kwa saa gani? Leo tumekula daku mpaka saa iliyoandikwa, nikatoka nje kunawa, naona mlima."

Nikamwomba anisomee namba anayoiona. Akanisomea namba ya Uganda.

Suala la funga ya siku ile tulimpelekea shehe, si langu kulisemea hapa. Ninachotaka tuzingatie ni hiki: katika ratiba ile hapakuwa na namba hata moja ya uongo. Kila dakika ilikuwa sahihi. Kilichopotea ni mpaka baina ya namba na namba, na huo mpaka ndio uliokuwa umebeba habari yenyewe.

Mashine inafanya nini

Ndugu msomaji, ili kuidhibiti mashine lazima kwanza tuelewe inavyofikiri, na kwa kweli haifikiri, inahesabu tu.

Kurasa za mtandao hupangwa kwa lugha iitwayo HTML, aliyoianzisha Tim Berners-Lee na kuitangaza mwaka 1991. Katika lugha hiyo nafasi kumi ni sawa na nafasi moja, na kubonyeza Enter ni sawa na kuacha nafasi moja. Kivinjari hakijali umeshuka mistari mingapi. Ukitaka aya mpya lazima uweke alama, nayo ni herufi p ndani ya mabano ya pembe. Ukitaka kushuka mstari tu bila kuanza aya mpya, alama yake ni br. Bila alama hizo, khutba nzima inatoka kama kamba moja ndefu.

Sasa, ni mama gani wa nyumbani, au mwalimu gani wa madrasa, atakaa kuandika p na br kila anapotaka kupumua? Ndipo walipokuja watu wa kurahisisha. Tarehe 27 Mei 2003 ilitoka programu iitwayo WordPress, iliyoanzishwa na Matt Mullenweg wa Marekani na Mike Little wa Uingereza, wakijenga juu ya programu ya zamani ya b2 iliyoandikwa na Michel Valdrighi. Leo WordPress inaendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti za dunia, kwa hiyo kuna uwezekano mkubwa kwamba tovuti ya shule yako au ya jumuiya yako imo humo. Tangu miaka yake ya mwanzo, ndani yake mna kipande kidogo cha programu kiitwacho wpautop. Kazi yake ni kuangalia maandishi yako na kukuwekea alama wewe usiyezijua. Kikikuta umeacha mstari mtupu, kinafunga aya moja na kufungua nyingine. Kikikuta umebonyeza Enter mara moja tu, kinaweka br.

Jambo la kukumbuka, maana tutalirudia: kazi hiyo hufanyika wakati ukurasa unapoonyeshwa kwa msomaji. Ghalani maandishi yako yanabaki kama ulivyoyaandika, bila alama za p.

Vihariri vingine vina kanuni zao. Kipo kinachohesabu kila Enter kuwa aya mpya, kikatenganisha mistari iliyotaka kukaa pamoja. Kipo kisichoongeza alama yoyote, ukajikuta na kamba ndefu kama ile ratiba. Ndiyo sababu tangazo lililokaa vizuri kwenye WhatsApp, ambako mstari hubaki pale ulipouacha, linabadilika umbo likibandikwa kwenye tovuti, na tangazo hilo hilo likihamishwa tovuti nyingine linabadilika tena.

Sikisemi vibaya kipande hicho cha programu. Kilitengenezwa kwa kuwahurumia watu, na mamilioni wameandika kwa sababu yake bila kujifunza alama yoyote. Lakini tukijue kilivyo. Kinahesabu mistari mitupu, hakisomi. Hakijui kwamba huu ni ubeti, hii ni ratiba, hili ni jina la marehemu na lile ni jina la mchangaji.

Neno "aya"

Kiswahili chetu kina jambo la kupendeza hapa. Fungu la maneno katika insha tunaliita aya, na kipande cha Qur'ani tukufu pia tunakiita aya. Neno limetoka Kiarabu, na huko maana yake ya asili ni alama au ishara. Mwanafunzi wa Senior 1 anayeambiwa na mwalimu wa Kiswahili "andika aya tatu" anatumia neno lile lile analolitumia jioni madrasani. Nadhani urithi huu unatufundisha kitu.

Waislamu wameshughulika na swali la wapi maneno yakatwe kwa karne nyingi kabla ya kompyuta. Msomaji wa Qur'ani hawezi kusimama popote pumzi ilipomwishia akadhani hakuna tatizo. Kuna elimu nzima ya kusimama na kuanza, yaani waqfu na ibtidai. Muhammad bin Tayfur as-Sajawandi, aliyefariki mwaka 560 Hijria, sawa na takriban 1165 Miladia, aliweka herufi ndogo za kumwongoza msomaji: mim kwa mahali pa lazima kusimama, jim kwa mahali panapojuzu, la kwa mahali pa kutosimama, na nyinginezo. Misahafu iliyochapwa India na Uturuki imefuata alama zake mpaka leo. Msahafu uliochapwa Cairo mwaka 1924 nao una mpangilio wake wa alama za namna hiyo. Ukifungua msahafu nyumbani kwako utaziona juu ya maneno, ndogo kama chungu.

Kwa nini walijisumbua hivyo? Mfano ambao walimu wa tajwidi huupenda ni Suratul Maa'uun. Aya ya 4 inatoa onyo kwa wanaosali. Aya ya 5 ndiyo inayobainisha ni wanaosali wa namna gani, kwamba ni wale wanaoghafilika na sala zao. Mtu akiishia ya 4 akafunga kitabu, ameondoka na maana iliyopinduka. Hakuongeza neno, hakupunguza neno, amesimama tu mahali pabaya.

Sasa mchukue mwanafunzi anayeandika makala ya tovuti na kunukuu tafsiri ya aya hizo mbili, halafu kihariri kikazitenganisha, ya 4 ikabaki chini kabisa ya kioo cha simu peke yake na ya 5 ikasubiri chini huko mtu avute ukurasa. Wangapi watavuta? Wanazuoni wale walikaa na maana ya maneno ndipo wakaweka alama. Mashine inaweka alama bila kukaa na maana. Hapo ndipo tofauti ilipo, na ndiyo sababu nasema mwenye kuandika asiiachie mashine kazi hiyo moja kwa moja.

Beti za wanafunzi

Mfano mwingine uko shuleni. Tangu mtaala mpya wa sekondari ya chini ulipoanza Uganda mwaka 2020, Kiswahili ni somo la lazima Senior 1 na Senior 2, na Julai 2022 baraza la mawaziri likaamua kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Alhamdulillah, watoto wetu sasa wanaandika tenzi na mashairi, na wanapenda kuyaona kwenye tovuti.

Wanafunzi mnajua kanuni. Ubeti wa utenzi una mishororo minne yenye mizani nane nane. Shairi la tarbia lina mishororo minne ya mizani kumi na sita, na kila mshororo una vipande viwili, ukwapi na utao, na vina katikati na mwishoni. Ushairi wetu unasimama juu ya mstari. Kina hakionekani kama mshororo haujaishia pale unapopaswa kuishia.

Mbandikie kihariri shairi hilo. Kikiwa cha aina ya kuhesabu kila Enter kuwa aya, kila mshororo utasimama peke yake na nafasi kubwa juu na chini, na msomaji hatajua ubeti wa kwanza umeishia wapi. Kikiwa cha aina ya kuunganisha, mishororo minne inakuwa sentensi moja na vina vinajificha katikati. Nafasi alizoacha mshairi kati ya ukwapi na utao nazo zinabanwa. Nimeona msichana wa hapa kwetu akisoma shairi lake kwenye tovuti na kusema, "Hili si langu." Maneno yalikuwa yake yote.

Na kuna orodha za fedha. Orodha ya rambirambi, ya ada, ya michango ya madrasa: jina na kiasi. Zikiungana, shilingi 50,000 ya mtu mmoja inasogea karibu na jina la mwingine. Hapo tunagusa amana, na fitina za mtaani zimewahi kuanza kwa kidogo kuliko hicho.

Namna ya kuidhibiti

Tuje kwenye dawa. Nitaeleza kwa kituo ili hata mtoto wa darasa la saba amsaidie mzazi wake.

Kwanza, jua tofauti ya Enter peke yake na Enter ukiwa umeshika Shift. Katika vihariri vingi vya kuona, Enter huanzisha aya mpya, na Shift pamoja na Enter hushusha mstari ndani ya aya ile ile. Ukiandika anwani, mishororo ya ubeti, au aya mbili zisizotakiwa kutengana, tumia Shift na Enter. Hili peke yake linaondoa nusu ya matatizo.

Pili, usipange safu kwa kitufe cha nafasi. Nafasi hubanwa, na hata zisipobanwa, herufi za simu hazilingani upana na za kompyuta. Ratiba na orodha ya fedha ziwekwe kwenye jedwali. Vihariri vingi vina kitufe cha jedwali, na ndani ya jedwali kila namba ina chumba chake, haihami.

Tatu, shairi liwekwe mahali pake. HTML ina alama iitwayo pre, ambayo hukiambia kivinjari kiache nafasi na mistari kama vilivyo, na wpautop huyaacha maandishi yaliyo ndani yake. Tarehe 6 Desemba 2018 WordPress ilitoa toleo la 5.0 lenye kihariri kipya ambacho kila kipande cha ukurasa ni bloku. Humo kila aya ni bloku yake na alama ya p huhifadhiwa pamoja na maandishi, na wpautop haiguswi kwa makala iliyoandikwa kwa bloku. Ipo bloku maalumu kwa ajili ya ushairi, inayohifadhi mistari na nafasi, na ipo ya jedwali. Wanafunzi, zitumieni.

Nne, unaponakili maandishi kutoka programu nyingine, yabandike yakiwa maandishi matupu. Katika vivinjari vingi ni Ctrl na Shift na V kwa pamoja. Ukibandika kawaida, hati ya kompyuta inakuja na mizigo yake iliyofichika: ukubwa wa herufi, rangi, nafasi za juu na chini. Yaondoe yote, kisha panga upya ndani ya kihariri. Ni kazi ya dakika chache.

Tano, usitafute nafasi kubwa baina ya aya kwa kubonyeza Enter mara sita. Mistari mitupu mingi huhesabiwa kama mmoja. Ukitaka mgawanyo unaoonekana, weka kichwa kidogo cha habari, au mstari wa kutenganisha.

Sita, katika kihariri cha zamani cha WordPress kuna vichupo viwili, kimoja cha kuona na kimoja cha maandishi yenye alama. Ukishaweka alama za p kwa mkono katika kile cha pili, usirukeruke kwenda cha kwanza na kurudi. Kila unapohama, kihariri huzipanga upya au kuzifuta alama zako. Chagua kichupo kimoja umalizie humo.

Saba, na hili ni kwa vijana wanaosomea kompyuta. Inawezekana kuizima kabisa wpautop kwa mstari mmoja wa programu katika faili za mandhari ya tovuti. Wengi hukimbilia hapo kwa hasira. Lakini mnakumbuka nilisema alama za p hazihifadhiwi ghalani? Ukiizima, makala zote za zamani zilizoitegemea zitapoteza aya zake kwa siku moja, miaka yote ya matangazo na khutba ikawa kamba ndefu. Kabla ya kuzima, angalia kuna makala ngapi za zamani, na kama ni nyingi, acha iendelee kufanya kazi na udhibiti ukurasa mmoja mmoja kwa njia nilizozitaja.

Nane, maandishi ya Kiarabu yaonyeshwe kuwa yanasomwa kutoka kulia. Ipo alama ya dir yenye thamani ya rtl kwa kazi hiyo. Bila hiyo, ukichanganya Kiarabu na Kiswahili ndani ya mstari mmoja, nukta, mabano na namba za aya huruka upande usio wake. Ni bora Kiarabu kiwe na aya yake na tafsiri iwe na yake, iliyoambatana nayo chini.

Tisa, tazama kwenye simu kabla ya kuchapisha. Wengi wetu huandika kwenye kompyuta pana na kuridhika. Wasomaji wetu wanashika simu, na nyingine kioo chake kimepasuka. Tazama ukurasa kwenye simu ndogo kuliko zote mlizo nazo nyumbani.

Yajilinde yenyewe

Hayo tisa ni ya fundi. Lipo la kumi, nalo ni la mwandishi, na kwangu ndilo kubwa: andika maneno ambayo hata yakivunjwa vunjwa bado yanaeleweka.

Mashine zitabadilika. Kihariri cha leo kitaondoka kije kingine chenye kanuni zake. Na hata tovuti ikitoa ukurasa safi kabisa, mtu atanakili tangazo lako na kulituma kwa ujumbe mfupi kwa bibi yake kijijini, na huko jedwali halitafika. Kwa hiyo usiitegemee nafasi tupu ibebe habari peke yake. Badala ya kuandika namba mbili zimekaa kando kando ukitumaini kichwa cha safu kitabaki juu, andika: "Ramadhani 3, Kasindi, saa ya Kongo, mwisho wa daku 10:45." Kisha: "Ramadhani 3, Bwera, saa ya Uganda, mwisho wa daku 11:45." Maneno yameongezeka, ndiyo. Lakini yakate utakavyo, yaunganishe utakavyo, mama aliye mbali na msikiti atajua lake ni lipi. Orodha ya michango nayo ipewe namba, na kila jina liambatane na kiasi chake bila kuachana. Beti za shairi zipewe namba pia.

Hata katika misahafu tunayosoma leo, kila aya ina namba yake mwishoni. Msahafu mmoja una mistari 15 kwa ukurasa, mwingine una 13, kurasa hazilingani, na bado mtu wa Kinyamaseke na mtu wa Muscat wakitajiana sura na aya wanakutana mahali pamoja. Mpaka umeandikwa ndani ya maneno yenyewe, haukuachiwa upana wa karatasi.

Wazazi, mkikabidhiwa tangazo la kupeleka mtandaoni, mpeni kijana wenu alipandishe, kisha mwambieni alisome kwa sauti kutoka kwenye simu huku nyinyi mkiwa na karatasi mkononi. Atakaposita, au akaunganisha yasiyoungana, hapo ndipo pa kurekebisha, kabla halijatoka. Sikio linakamata ambacho jicho limekizoea. Na nyinyi vijana, msione ni kazi ya kudharauliwa. Anayeandika kwa niaba ya watu amebeba kauli zao, na kauli ni amana mpaka imfikie mwenyewe ikiwa na maana yake.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kufikisha kama tulivyopokea, na awasahilishie watoto wetu elimu yenye manufaa. Amin.